Pikapu Iliyooga Kila Asubuhi

Kaka mkubwa wa marehemu mume wangu alikuwa na neno moja ambalo hakuchoka kuniambia tangu tulipomaliza matanga. "Shemeji, acha usukani. Gari lile litakuua." Alilisema nyumbani kwangu, alilisema nje ya kanisa watu wakitoka ibadani, alilisema hata kwenye kikao cha ukoo mbele ya wazee, kofia ameishika kifuani utadhani mimi ndiye ninayezikwa. Nami kila mara nilianza na shikamoo, maana yeye ni mkubwa wangu na adabu ni adabu. Nikishaitikiwa marahaba, ndipo nilipomwambia kwamba usukani siachi.

Mimi kuambiwa "acha" ndiko kunipa nguvu. Mama yangu mzazi alikuwa akisema kichwa cha mtoto huyu kingefaa kutwangia mahindi. Sikuwahi kuona kama ni tusi.

Pikapu yenyewe ni ya siku nyingi. Rangi ya bluu imebaki kwenye milango tu, kwingine kote ni kutu na viraka vya bati, na mlango wa kushoto unafungwa kwa waya. Marehemu aliinunua ikiwa tayari imechoka, akanifundisha kuiendesha kwenye shamba letu hapa Tumati, mahindi yakiwa yameshavunwa, yeye akitembea pembeni ya dirisha na kucheka kila ilipozimika. Baadaye hakucheka tena, maana nilimzidi. Nilipakia vitunguu saumu na maharage, nikapanda na kushuka vilima ambavyo baadhi ya madereva wanaume walivisalia kwanza. Nilipeleka wagonjwa hospitali ya Haydom, kwa sababu mama mwenye uchungu hawezi kungoja basi la kesho. Watu wa huku wananijua kwa mlio wa pikapu ile kabla hawajaniona sura.

Mume wangu alifariki masika, kwa ugonjwa wa ghafla, barabara zikiwa tope tupu. Siku za kwanza niliendesha hivyo hivyo na msiba wangu moyoni, na gari lilikwenda sawa. Mvua zilipokata na upepo ukaanza kupeperusha vumbi, ndipo pikapu ilipoanza kuyumba. Si kuyumba kwa utelezi. Naishika kwenye njia kavu iliyonyooka, inakwenda zake kushoto; nairudisha, inapitiliza kulia; nairudisha tena. Nikifika ninakokwenda, mabega yananiuma kama niliyelima kutwa kwa jembe la mkono. Siku moja nusura niingie katikati ya ng'ombe wa watu, na mwenye ng'ombe alinitazama kwa huruma. Afadhali angenitukana.

Basi maneno yakaanza. Wengine walisema gari linamlilia mwenyewe. Wengine wakasema gari la mwanamume halimkubali mwanamke. Shemeji aliyaokota yote, akayapeleka kwenye kikao, na kikao kikakubaliana naye: tukimaliza kuvuna vitunguu saumu, kama gari bado linayumba, litauzwa. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana Katesh, na angekuja kulichukua baada ya mnada wa mifugo wa kwao.

"Hatukunyang'anyi, tunakuonea huruma," alisema shemeji. "Lile ni gari la ndugu yangu. Sitaki limuue mke wake."

Huruma ya namna hiyo siitaki, na nilimwambia hivyo mbele ya wazee. Gari likiuzwa, mimi nabaki nani? Nabaki mjane aliyekaa juu ya magunia yake kando ya barabara, anapungia kila lori linalopita, anambembeleza kila dereva. Mazao yangu yatakwenda sokoni siku atakayopenda mwanamume mwingine. Nikitaka kwenda kumwona mama yangu, nitaomba kwanza kwa mtu. Thubutu. Nilikuwa nimempoteza mume, sikuwa tayari kupoteza na miguu.

Nilianza pale ambapo kila mtu angeanza, kwa fundi. Fundi wa Haydom alinipokea vizuri. Alishika usukani akauchezesha kushoto na kulia, akasema, "Mama, una plei," akimaanisha kwamba unazunguka kidogo kabla matairi hayajasikia. Akakaza boksi la usukani. Akabadilisha tairodi, zile ncha zinazounganisha fito za usukani na magurudumu ya mbele. Akavuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akafumba jicho moja, akayanyoosha magurudumu. Kazi yake ilikuwa safi, simsemi vibaya. Lakini kabla sijazimaliza nyumba za mjini, pikapu ilianza mambo yake, na sasa usukani ulikuwa umekazwa mno, ukiukata haurudi wenyewe. Nilikuwa nimeongezewa ugonjwa juu ya ugonjwa. Nilipogeuza na kumrudia, alikuna kichwa, akanishauri niliuze.

"Na wewe umeongea na shemeji yangu?" nilimwuliza.

Maskini, hakumjua hata shemeji yangu. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira haichagui pa kuangukia.

Njiani kurudi nyumbani nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya. Badala ya kupigana na gari, nililitazama. Nilishika usukani nikautuliza, mikono haitikisiki. Nikakanyaga mafuta, pua ikaenda kushoto. Nikaachia mafuta, pua ikarudi kulia. Nikarudia mpaka nikachoka mwenyewe. Kanyaga, kushoto. Achia, kulia. Usukani umetulia kabisa mkononi mwangu, na gari linageuka. Nikajisemea, kama mikono haijageuka na gari limegeuka, basi ugonjwa hauko mikononi. Uko mahali pengine, na sisi sote tumekazana kutazama mbele kwa sababu tu usukani uko mbele.

Hapo nilikuwa na nusu ya jibu. Nusu nyingine aliileta mama mkwe, tena bila kujua.

Mama mkwe anaishi kwenye nyumba ndogo ndani ya boma letu. Ni mzee, macho yanamsumbua, lakini ulimi wake ni mzima. Asubuhi moja alinikuta naizunguka pikapu na kuipiga mateke kwenye tairi. Nikamwamkia.

"Marahaba," alisema. "Kwani siku hizi huiogeshi?"

Nilijua anachosema. Marehemu alikuwa na tabia yake: kila kiangazi, asubuhi na mapema, alichukua ndoo ya maji akayamwaga kule nyuma, chini ya bodi, upande wa kushoto. Akiulizwa, alijibu kwamba anaiogesha, gari nalo linataka heshima. Maji yenyewe niliyabeba mimi, mgongoni, nikipanda nayo kilima kutoka mtoni, na tuligombana juu ya ndoo ile kuliko jambo lingine lolote katika ndoa yetu. Hakuacha. Watu waliichukua kama baraka yake, na wapo waliosema ndiyo siri ya gari lile kutomwangusha.

"Jaribu," alisema mama mkwe. "Labda anangoja umkumbuke."

Sikuamini, lakini mama mkwe hanyimwi ndoo moja ya maji. Nikamwaga pale pale alipokuwa akimwaga marehemu, nikaenda kukamua, nikanywa chai yangu, ndipo nikapakia mahindi kwenda mashineni kusaga. Pikapu ilikwenda imenyooka. Nikakanyaga, ikanyooka. Nikaachia, ikanyooka. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama mkwe.

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningemwaga maji kila asubuhi, gari lingekwenda sawa, wazee wangesema marehemu ameridhika, na shemeji angekosa la kusema. Mama mkwe alilia kwa furaha, akasema mwanawe yumo garini. Lakini mimi ndiye niliyemfulia mwanawe, nikagombana naye, nikamwuguza. Namjua. Hakuwa mtu wa kukaa chini ya gari akingoja ndoo. Tena sitaki gari linalonyooka kwa hisani ya mtu, awe hai, awe amekufa. Kama maji yanatibu, basi kuna kitu kinachoyanywa, na kitu hicho nitakiona kwa macho yangu.

Siku ya kuvuna, majirani wanawake walikuja kunisaidia kung'oa vitunguu saumu, kama tunavyosaidiana huku, leo kwangu, kesho kwake. Tulipopumzika kula, niliwaomba wanisaidie na kazi nyingine. Pikapu ilikuwa imesimama uwanjani, kavu, haijaonja maji tena tangu siku ile. Nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Nilihitaji mtu wa kukanyaga breki na kuishikilia, na wenye nguvu wote niliwahitaji nje. Akabaki mama mkwe.

"Mimi?" aliuliza. "Nikae pale?"

"Pale pale, mama. Kanyaga hii ya katikati, usiiachie mpaka nikuambie."

Alipandishwa huku ameshikwa kiuno, akakaa, akaukamata usukani kwa mikono miwili ingawa sikumwomba aushike. Wanawake walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mmoja akamwuliza nauli ya Haydom ni kiasi gani. Yeye hakucheka. Aliikanyaga breki ile kwa miguu yote miwili, uso ameukaza, na nikamwambia hivyo hivyo.

Wale wengine walishika bodi, wakaanza kuisukuma mbele na kuivuta nyuma. Magurudumu yamekabwa, bodi inacheza juu yake. Nikajilaza chali chini ya gari, kanga usoni kuzuia vumbi. Nilianza upande wa kulia, pale springi ya nyuma inapofungwa kwa bolti kwenye chesisi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari. Palikuwa pametulia. Nikajiburuta upande wa kushoto. Huko, wakisukuma, springi inaruka. Wakivuta, inaruka tena, na bolti inagonga ndani ya tundu lake, ko, ko. Kidole changu cha mwisho kingeingia kwenye ule uwazi. Gurudumu la nyuma lilikuwa linatembea mbele na nyuma, na kila likitembea linaligeuza gari. Tulikuwa na usukani wa pili ambao hakuna aliyeushika.

Nikawaambia inatosha. Nilichukua jeki na spana za marehemu, nikainua chesisi, nikaweka gogo la kuishikilia, nikafungua bolti. Mahali pale panatakiwa kuwa na bushi, yaani mpira mgumu unaojaza tundu ili bolti isicheze. Hapakuwa na mpira. Kilitoka kitu cheusi, kikavu, kimejikunja. Nikakikwangua kwa ukucha, vumbi na grisi vikabanduka, nikaona manyoya. Manyoya mekundu yenye baka jeupe.

Niliyajua manyoya yale. Ulikuwa mkanda wa nira yetu, wa ngozi ya dume tuliyemchinja wenyewe, na niliukata kwa mkono wangu. Ulipotea msimu mmoja tukiwa tunalima, nikautafuta boma zima, na marehemu akaniambia, bila kupepesa macho, kwamba mbwa kaula. Nilimchapa mbwa yule. Alikufa akiwa na jina baya ambalo halikuwa lake.

Nilikaa pale pale vumbini nikacheka, kisha nikalia, kisha sikujua ninafanya lipi. Kila mtu wa huku aliyewahi kufunga maksai anajua tabia ya ngozi isiyotiwa dawa: ikinywa maji inavimba, ikikauka inanywea. Bila shaka bushi ilimfia njiani, mzigo uko juu, duka liko mbali, nira iko ndani ya gari, akachukua alichokuwa nacho akakiviringisha kwenye bolti. Masika kikavimba kikajaza tundu. Kiangazi kikanywea. Na badala ya kutafuta bushi, mwanamume yule akaamua kukinywesha kila asubuhi, tena maji niliyoyabeba mimi, na kuniambia ni heshima. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia akiwa hai. Nilimkumbuka pia kuliko siku yoyote tangu tumzike.

Mama mkwe bado alikuwa amekanyaga breki. Nilikuwa nimemsahau. Tukamteremsha, nikampa kile kipande mkononi akipapase, maana macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo. Niliona kama ninamnyang'anya mwanawe mara ya pili.

Alikinusa. "Ngozi hii."

"Ngozi, mama. Ule mkanda wa nira. Ndio uliokuwa unakunywa maji."

Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. "Baba yake aliwahi kuziba bati linalovuja kwa ugali," alisema. "Panya walikuja ukoo mzima." Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wanawake wote tukacheka naye. Kile kipande hakunirudishia. Alikifunga kwenye pindo la kanga yake, nami sikukidai.

Bushi mpya nililetewa na basi kutoka Haydom, za kulia na za kushoto, maana sikutaka mchezo tena. Nilizigongea ndani kwa nyundo na kipande cha bomba. Nikakaza bolti mpaka mikono ikakataa. Nikalegeza kidogo lile boksi la usukani alilolikaza fundi, hadi usukani ukaanza kurudi wenyewe. Tangu hapo pikapu ile sikuimwagia tena maji, na kiangazi kilikuwa kimekaza.

Shemeji alikuja baada ya mavuno, kama alivyoahidi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimeshatoa vitu vyangu ndani ya gari, kwa sababu mtu wa Katesh angepiga simu wakati wowote.

"Mama ana kliniki ya macho leo Haydom," nilimwambia. "Tumpeleke kwanza. Na wewe panda mbele, uone litakavyotuua."

Angekataa, lakini mama yake alikuwa tayari ameketi katikati, ametulia, kitenge kipya kichwani. Akapanda. Nikamfungia mlango kwa waya, na safari yote alishika ule waya kwa mkono mmoja. Nilipochukua barabara ya Haydom alianza kunieleza kwamba hata ndugu yake angekuwa hai angeliuza. Vumbi lilikuwa jingi, njia ngumu na kavu. Tulipofika pale panaponyooka, nikatazama mbele na nyuma: hakuna mtu, hakuna ng'ombe, hakuna gari. Nikapunguza mwendo.

"Shemeji," nilisema, "tazama mikono yangu."

Nikaitoa kwenye usukani, nikaiweka mapajani.

Pikapu ikaenda. Haikwenda kushoto wala kulia. Nikakanyaga mafuta, imenyooka. Nikaachia, imenyooka. Simu ya shemeji ikaita mfukoni, ikaita weee mpaka ikakata, hakuigusa. Macho yake yote yalikuwa kwenye usukani ule usio na mtu.

"Shemeji," alisema taratibu, "shika usukani."

"Si uliniambia niuache?"

"Shika, shemeji."

"Tangu matanga unaniambia acha. Leo nimekusikia."

Mkono wa mama mkwe ulikuwa juu ya pindo la kanga, pale alipofunga kile kipande. Mbele yetu niliona njia inakwenda kukata kona, na shemeji naye aliiona.

"Usukani wa nani?" nilimwuliza. "Wa ndugu yako?"

Aliitazama kona, akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatazama mbele.

"Wako," alisema. "Ni wako, shemeji. Ushike."

Nikaushika, nikakata kona. Hatujafika mbali, simu ikaita tena. Safari hii aliipokea. Akamwamkia mtu wa Katesh, akamwulizia habari za nyumbani, akakohoa kidogo.

"Hapana, haliuzwi," alisema. "Lina mwenyewe. Ndiye anayeendesha."